Kurasa za Minazi: Kisa cha Mswada wa Azima katika Stoo ya Chuo, Tanga

Chuo chenyewe ni cha ualimu, cha serikali, kiko Tanga mjini. Jina lake nalihifadhi kwa kuwa wahusika wengi bado wapo kazini na kipande kimoja cha kisa kiko mbele ya baraza la ardhi. Mimi niliingia kama mtu wa nje, mtunza nyaraka niliyesomea kazi hii Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Barua ya kuniita ilikuwa fupi: nisaidie kuandaa maonyesho ya “hazina za chuo” yatakayofunguliwa siku ya mahafali. Mgogoro haikuutaja, kwa sababu wakati inaandikwa mgogoro haukuwepo.

Yaliyozua yote ni paa. Masika yalipenya kwenye stoo iliyo nyuma ya maktaba, na ilipobidi vitu vihamishwe ndipo watu wakajua mle ndani mlikuwa na nini. Wanachuo walibeba maboksi hadi darasa lililokuwa tupu, wakayapanga ukutani, mlango ukatiwa kufuli. Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari katika ofisi ya walimu, mahali ambapo kila apitaye anaufikia. Nautaja msumari huo mapema kwa sababu ulikuja kutusumbua.

Kilichokuwemo

Anayefungua kabati la zamani Tanga, hata asiposema, anaomba akutane na Kiongozi. Gazeti hilo la Kiswahili lilianza kutoka mjini hapa mwaka 1904, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1892, na lilichapwa na mtambo wa shule yenyewe. Nakala zake ni adimu. Mkuu wa chuo alikuwa ameshaanza kumwambia kila mgeni kwamba “huenda lipo”, na nilipomaliza kupitia maboksi aliniuliza kama nina hakika nimefika chini kabisa. Nilikuwa nimefika. Halikuwepo.

Kilichokuwepo kwa wingi kuliko vyote ni madaftari ya uandikishaji. Hakuna aliyeyatolea macho, nami naona ndiyo sehemu tajiri kuliko zote katika stoo ile. Safu ya “kazi ya mzazi” peke yake ni historia ya mkoa mzima: mvuvi, kibarua wa reli, mwalimu wa madrasa, mpishi, mkata mkonge, mkata mkonge, mkata mkonge. Wengi tunajua kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwamba katika miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Hadithi hiyo inasimuliwa kila penye mkonge. Waliokuja kuukata, manamba waliotoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi, hawasimuliwi kwa majina. Kwenye madaftari yale watoto wao wamo, kila mmoja na kijiji chake, kambi ya shamba alikokulia na alama alizopata katika hesabu. Mtafiti mwenye subira angekaa hapo mwaka mzima asichoke.

Kulikuwa na jarida la chuo lililochapwa kwa saiklostaili, pini zimepiga kutu na kutoboa karatasi. Kulikuwa na picha nyingi zisizo na maelezo: timu za mpira, kwaya, mgeni rasmi fulani akikata utepe. Hizo nazipita, kwani picha isiyojulikana ni ya nani wala ya lini haina mengi ya kusema mpaka apatikane mzee wa kuisemea.

Halafu kanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanachuo walikuwa wakitumwa likizo wakakusanye ngano, vitendawili na nyimbo za kazi vijijini kwao, Bonde, Usambaa, Uzigua na Udigoni, na walimu wakazirekodi kwenye kanda za magurudumu. Juu ya maboksi mtu ameandika kwa penseli jina la kijiji na aina ya wimbo. Nilipofungua boksi moja ilinijia harufu ya siki. Kwa mtu wa kazi hii hiyo ni habari mbaya: plastiki ya asetati inaoza, na ikishaanza haizuiliki, inapunguzwa kasi tu kwa baridi na ukavu. Tanga hatuna hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mwisho, ndani ya mfuko wa nailoni, miswada mitatu kwa herufi za Kiarabu. Mmoja ni maulidi. Wa pili ni dawa na falaki, umeliwa na wadudu kiasi kwamba kurasa zimeshikamana. Wa tatu ndio wenye kisa. Jalada lake ni kipande cha kaniki kilichoshonwa kwa mkono, na ukiinua karatasi yake mbele ya dirisha unaona ndani yake miezi michanga mitatu iliyopangwa kwa ukubwa. Hiyo ni alama ya karatasi za Italia zilizokuwa zikiuzwa Mashariki ya Kati na kufika pwani yetu karne ya 19. Wino ni mweusi wa masizi. Wino wa namna hii hauli karatasi kama ule wa chuma, ila ukiguswa na maji unakwenda nayo, na kweli kwenye kona moja, palipodondokewa na paa, mistari minne ilikuwa imegeuka wingu la kijivu.

Ndani ni utenzi wa Mwana Kupona, wasia aliomtungia binti yake mwaka 1858. Mwalimu wa Kiswahili alipolitambua hilo alipiga kelele ya furaha iliyosikika uwanjani.

Kamati ya maonyesho

Sina ugomvi na furaha ile. Ila ndiyo iliyopanga kila kilichofuata. Kamati iligawa vitu vyote mafungu mawili: vya kuonyeshwa na vya kufutwa. Kuonyeshwa kulitegemea sura. Miswada ikaenda kwenye kabati la kioo, pamoja na taipureta, kinasa sauti na picha zenye magari ya zamani. Vilivyobaki, pamoja na madaftari, vikaandikiwa fomu ya mali chakavu.

Kabla sijafika, mwalimu mmoja mwenye nia njema alikuwa ameupa mswada wa Mwana Kupona namba za kurasa, kwa kalamu ya wino wa bluu, kwenye kona ya juu. Alianza upande anaoanzia mtu anayesoma vitabu vya herufi za Kirumi. Kwa hiyo ukurasa aliouita 1 ndio wa mwisho, na utenzi unaanza karibu na mwisho wa hesabu yake. Waliokuwa wakinakili miswada hawakuhitaji namba. Chini ya kila ukurasa waliandika pembeni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na ukilifuata neno hilo huwezi kupotea hata karatasi zikichanguka. Ndivyo tulivyourudisha mpangilio.

Lililokuwa limebaki ni kuupeleka mswada mjini ukalaminishwe. Fedha zilikuwa zimeshaidhinishwa. Karatasi ya zamani ikipitishwa kwenye plastiki ya moto haitoki tena humo, na unyevu uliofungiwa ndani unaendelea kuila taratibu. Niliomba jambo hilo lisimamishwe, mhasibu akaniuliza zile fedha atazirudishaje. Swali la haki kabisa. Tukanunulia maboksi na karatasi za kufungia.

Naliokota daftari la mapokezi kwenye fungu la kufutwa. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa, mgongo umebanduka, na mtu alikuwa ameweka kikombe cha chai juu yake kikaacha duara. Lilikuwa la mkutubi wa kwanza wa chuo, ambaye ameshafariki. Mwandiko wake ni mdogo, umenyooka, na safu ni tano: tarehe, kitu, aliyeleta, namna, mahali kilipowekwa. Kwenye “namna” aliandika moja kati ya maneno matatu: zawadi, kununuliwa, azima. Niliona kuna namba ya penseli, ndogo sana, ndani ya jalada la kila mswada, na zilioana na daftari. Wakati huo nilifurahi kwa sababu za kikazi tu, nikaliweka pembeni niendelee na kanda.

Bibi na mjukuu wake

Picha ya mswada uliofunuliwa ilirushwa kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu. Haukupita muda mrefu akaja bibi mmoja kutoka kijiji cha pwani kusini ya mji, amefuatana na mjukuu wake wa kike aliyeshika simu yenye picha ile. Hakuutambua mswada kwa maandishi. Aliitambua ile kaniki.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye vitabu?”

“Mimi mgeni tu bibi, nimekuja kuviangalia.”

“Basi niangalizie na changu.”

Alisema kitabu kile kilikuwa cha bibi yake mzaa baba, kikasomwa nyumbani miaka na miaka, na baba yake ndiye aliyekitoa kwa mkutubi wa chuo kwa azima, ili wanachuo wasome tenzi za zamani. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa akimsikiliza huku amekunja mikono, alimfunulia ukurasa wa mwanzo na kumwomba asome. Bibi hakuwa na miwani. Akaanza bila kutazama: Negema wangu binti, na akaendelea ubeti kwa ubeti, kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele, mpaka mwalimu mwenyewe akaanza kufuata kwa kidole na kusahihishwa. Herufi za Kiarabu bila alama za ziada hazitofautishi b na p, na mb mara nyingi huandikwa kwa b peke yake. Asiyeujua utenzi kwa moyo atakwama kila mstari.

Mkuu wa chuo akaitwa. Alimsalimia bibi kwa heshima, akamwagizia chai, kisha akasema lililo kweli kwa upande wake: vitu vyote vya stoo vimeshaingizwa kwenye rejesta ya mali, vina namba za serikali, na hawezi kumpa mtu mali ya serikali kwa maneno. Aliongeza, na hapa naona aliteleza, kwamba chuo kitautunza mswada vizuri kuliko nyumbani, kwa kuwa majumbani vitu kama hivi hupotea. Bibi aliangalia dari, lile doa la maji juu ya vichwa vyetu, asiseme neno.

Mimi sikubaliani na hoja hiyo ya majumbani. Barua alizoandika Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za kati ya 1931 na 1958, tumezipata kwa sababu nduguye huyo alizitunza, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazitoa kuwa kitabu mwaka 2002. Mji huu huu. Hakuna stoo ya ofisi iliyozilinda.

Kilichogeuza mazungumzo ni bibi mwenyewe. Alisema utenzi hautaki, utenzi anao kichwani na mjukuu wake anao kwenye simu. Anachotaka ni kurasa za minazi.

Kurasa zenyewe

Karatasi mbili za mwisho wa mswada, zile ambazo mwalimu aliziita 1 na 2, kamati ilikuwa imekubaliana zifunikwe na kadibodi kwa sababu “hazina utenzi, ni mahesabu”. Tulizisoma na bibi pamoja na shehe mmoja jirani wa chuo. Ni orodha. Mwandiko ni mwingine, si wa aliyenakili utenzi, na tarehe ya Hijria iliyo juu yake inaangukia miaka ya 1920. Inataja marehemu aliyeacha shamba, mipaka minne ya shamba kwa miti na mkondo wa maji, kisha warithi mmoja mmoja na idadi ya minazi yake. Wanawake wamo, kila mmoja na nusu ya fungu la kaka yake kama sheria ya mirathi isemavyo. Chini pana majina ya mashahidi.

Bibi alikuwa na shauri na watoto wa baba yake mkubwa. Wao walishikilia kwamba katika shamba lile upande wa kina bibi haukuwahi kupewa minazi, uliondoka na fedha. Pwani yetu mnazi umekuwa ukimilikiwa na kurithiwa hata na mtu asiye na ardhi inayousimamisha, kwa hiyo hesabu ya miti si jambo dogo, na siku hizi ambapo fidia ya mazao hulipwa kwa mche mmoja mmoja limezidi kuwa kubwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari la kikombe cha chai. Namba ya penseli kwenye kaniki, mstari wa daftari, jina la baba yake bibi, na kwenye safu ya nne, kwa mwandiko ule ule ulionyooka: azima. Pembeni mkutubi ameongeza, “arudishiwe akihitaji”.

Mkuu wa chuo alisoma, akavua miwani, akasema: “Basi mpeni bibi kitabu chake, tumalize.” Kila mtu chumbani alikubali. Mimi nikaomba tusubiri, nikaonekana mtu mbaya.

Kwa nini nilizuia

Kwa upande wa miliki sikuwa na shaka. Kitu cha azima hakigeuki kuwa mali ya serikali kwa kubandikwa namba. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inalinda kumbukumbu za ofisi za umma, na hapa chuo kilikuwa kimeielewa kinyumenyume. Madaftari ya uandikishaji na daftari la mapokezi ndizo kumbukumbu za umma, haziteketezwi kwa uamuzi wa kamati ya mahafali. Mswada ule haukuwa kumbukumbu ya chuo. Walichong’ang’ania hakikuwa chao, walichotaka kuchoma ndicho kilichokuwa chao.

Kwa upande wa elimu pia mswada haukuwa kile walichodhani. Utenzi wa Mwana Kupona ulishachapishwa mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, na nakala zake zimeenea pwani. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya tenzi, ambao J.W.T. Allen aliuorodhesha katika katalogi iliyochapishwa Leiden mwaka 1970. Nakala ya Tanga ina faida yake, kwani kila mnakili hubadilisha hili na lile na watafiti hulinganisha. Lakini utenzi ungepotea pale chuoni, Kiswahili kisingeupoteza. Orodha ya minazi ingepotea, ingekuwa imepotea duniani.

Nilichozuia ni wakati wa kuirudisha. Thamani ya ukurasa ule mbele ya baraza haikutokana na maandishi tu. Ilitokana na mahali ulipokaa. Kwa takriban miaka hamsini ulikuwa kwenye mikono ya mtu asiye na minazi katika shamba lile, na kuna daftari la zamani linaloshuhudia siku uliyoingia. Hilary Jenkinson, Mwingereza aliyeandika mwongozo wa kazi yetu mwaka 1922, alilisisitiza hili kuliko lolote: hati inaaminika kwa kadiri utunzaji wake haukukatika. Siku bibi angetoka na kitabu mkobani, akakaa nacho nyumbani wiki mbili, kisha akakipeleka barazani, upande wa pili ungeuliza swali moja tu, nani ajuaye kilichoandikwa humo katika wiki hizo mbili? Na swali hilo lingekuwa halali. Wema wa mkuu wa chuo ungemwangusha bibi.

Nilimweleza bibi hivyo hivyo, na alielewa haraka kuliko sisi wote. “Yaani kikikaa kwenu kinasema kweli zaidi kuliko kikikaa kwangu.” Mjukuu wake ndiye aliyekasirika, na nampa haki yake: familia iliazimisha kitu, inadai kitu, inaambiwa subiri kwa faida yako. Watu wengi wameambiwa maneno hayo na ofisi na hawakuona faida. Ndiyo maana tulikubaliana kwa maandishi siku ile ile kwamba mswada ni wa familia, umebaki chuoni kwa ridhaa yao, na utatoka siku watakayotaka.

Bado kulikuwa na ule msumari. Mnyororo wa utunzaji ulikuwa umekatika: tangu paa livuje mpaka nifike, maboksi yalikaa darasani na ufunguo ulikuwa wa kila mtu. Mmoja wa binamu zake bibi alipokuja kuutazama mswada, maana nao walikuwa na haki ile ile ya kuutazama, alisema waziwazi kwamba orodha imeandikwa juzi.

Jibu la hilo alikuwa nalo mdudu. Karatasi za mwisho zina matundu madogo ya mdudu wa karatasi, na matundu yale yanapita moja kwa moja kutoka kwenye orodha hadi karatasi za utenzi zinazofuata, yakiwa yamelingana, maana yake karatasi hizo zilikuwa zimeshonwa pamoja mdudu alipokuwa akila. Tundu moja limekata katikati ya herufi kwenye jina la shahidi wa pili. Kwa kioo cha kukuzia unaona wino umefika ukingoni mwa tundu na kukatwa, safi, kama kitambaa kilichopigwa mkasi. Wino ukiandikwa baada ya tundu kuwepo husambaa na kuingia kwenye kingo zake. Tuliona mfano palepale: namba 2 ya kalamu ya bluu imepita juu ya tundu jingine na bluu imezama kwenye ukingo wote. Kumbe yule mwalimu, kwa kuharibu, alituachia kipimo. Binamu aliangalia kwa kioo muda mrefu. Hakusema amekubali, alisema ataleta mtu wake aangalie. Nilimwambia amlete.

Hati tuliyotoa

Baraza lilihitaji nakala iliyothibitishwa, chuo kikaniomba niandike maelezo yatakayoambatana nayo. Niliandika mswada uliingia kwa namna gani, kwa ushahidi gani, na ulikaa wapi. Niliandika pia, na mkuu wa chuo hakupenda, kwamba kwa kipindi fulani ulikaa darasani bila ulinzi wa kutosha. Alihofia wakubwa wake wakilisoma. Lakini pengo hilo lingejulikana tu. Likitajwa na sisi ni maelezo, likigunduliwa na upande wa pili ni hila, na likishaitwa hila hata matundu ya mdudu hayatasikilizwa. Nikaeleza matundu, wino na alama ya miezi mitatu. Nikaeleza namba za bluu ni za nani na kwa nini zimepinduka.

Kwamba orodha inasema kweli sikuandika. Inawezekana kabisa minazi iligawiwa kama ilivyoandikwa na baadaye watu wakauziana au wakabadilishana bila kuandika popote. Kazi ya mtunza nyaraka inaishia kwenye karatasi na safari yake. Mjukuu alitaka niongeze sentensi moja ya kumuunga mkono bibi yake, nikakataa, akanishangaa. Nadhani bado hajanisamehe, na shauri lenyewe bado linaendelea.

Mahafali yalifanyika. Mswada haukuwekwa kwenye kabati la kioo. Badala yake bibi alialikwa, akaghani Mwana Kupona mbele ya wahitimu huku mwanachuo mmoja akirekodi kwa simu, na kwa ruhusa yake rekodi hiyo imeingizwa kwenye daftari jipya la mapokezi. Kwenye safu ya “namna” bibi alichagua mwenyewe: zawadi. Utenzi umepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na unapatikana kwa anayetaka kusoma. Karatasi mbili za minazi zimepigwa picha pia lakini hazionyeshwi bila ridhaa ya familia, pande zote mbili, sharti ambalo binamu ndio waliolidai na bibi akakubali bila ubishi.

Kanda za siki zimetengwa na nyingine ili zisiziambukize, na tunatafuta mashine ya kuzicheza iliyo hai. Hilo haliwezi kungoja masika mengine.

Limebaki moja ambalo mkuu wa chuo angependa nisilitaje. Daftari la mkutubi yule lina mistari mingine yenye neno azima: barua za mwalimu wa madrasa, picha za harusi, kitabu cha mahesabu cha mwenye duka wa Ngamiani. Baadhi ya vitu hivyo nimeviona kwenye maboksi, vingine havionekani. Hoja yake ni kwamba wenyewe hawajadai, kwa nini tuwaamshe? Nilimjibu kwamba bibi naye hakudai mpaka alipoona kaniki kwenye simu. Tumekubaliana majina ya waazimishaji yasomwe misikitini baada ya sala ya Ijumaa na kubandikwa kwenye ofisi za mitaa, bila kutaja vitu vyenyewe, ili anayekuja aeleze kwanza anachodai ndipo tufungue boksi. Orodha iko kwa makamu mkuu wa chuo, inasubiri mhuri.